Je, Paka Apewe Njugu?

Katika nyumba zetu nyingi, sahani ya njugu za kukaanga au korosho huwekwa kati baada ya sala ya Isha, wakubwa wakizungumza na watoto wakitafuna. Paka naye huja akaketi kando, na mtoto kwa huruma humtupia punje moja, kisha ya pili. Je, jambo hili ni wema au ni madhara? Swali hili ni dogo, lakini lastahili jibu, kwani mnyama huyu hana wa kumsemea ila sisi tuliomweka.

Kwanza yatupasa tujue paka ameumbwaje. Yeye ni mla nyama. Meno yake ni ya kuraruria, si ya kusagia, na utumbo wake ni mfupi. Moyo wake na macho yake havikai sawa bila ya kitu kiitwacho taurini, nacho hukipata katika nyama na samaki, si katika njugu. Tena mwaka 2005 wataalamu walieleza ya kwamba paka hata utamu wa sukari hauonji. Basi aijiapo kashata, si utamu umvutao.

Punje moja au mbili za njugu zilizomenywa, zisizo chumvi, si sumu kwa paka mzima mwenye afya. Lakini si chakula chake. Karibu nusu ya uzito wa njugu ni mafuta, na korosho na lozi hazipungui sana. Mafuta mengi humtapisha paka na kumharisha. Paka mkubwa ana uzito wa kilo 4 hivi. Mtu wa kilo 60 amemzidi mara 15. Konzi tuionayo sisi kuwa si kitu, kwake ni mzigo. Na punje nzima yaweza kumkwama kooni.

Yako ya kukatazwa kabisa. Njugu za chumvi nyingi; zilizotiwa kitunguu au kitunguu thomu, ambavyo huharibu damu ya paka; na zilizopakwa chokoleti, ambayo ni sumu kwake. Korosho mbichi yenye ganda nayo iwekwe mbali, kwani mafuta ya ganda lile huunguza ngozi.

Lakini lililo kubwa zaidi ni njugu zilizoota kuvu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya njugu yenye kuvu, na hapo ndipo ilipogunduliwa sumukuvu, ambayo huharibu ini. Sumu hii haibagui baina ya mnyama na mtu: mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini Kenya kwa mahindi yaliyoingiwa nayo. Kukaanga hakuiondoi yote. Hata hivyo, wengi wetu tuonapo njugu zimeharibika husema, "Mpeni paka," au "Watupieni kuku," kana kwamba tumetoa sadaka. Hiyo si sadaka. Kilichotushinda sisi kwa ubaya, tukifukie.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza ya kwamba paka si najisi, bali ni katika wale watuzungukao majumbani. Akatuhadithia pia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutia. Basi amlishaye paka kitu chenye kumdhuru, na hali anajua, asijihesabu kuwa amemlisha.

Enyi vijana, mkitaka kumkirimu paka wenu, mpeni kipande cha samaki au nyama iliyopikwa bila ya chumvi wala viungo, mkitoe miiba na mifupa, na mumwekee maji safi. Ikiwa ameokota punje moja ya njugu njema, msifadhaike. Lakini akila chokoleti au njugu za kuvu, msingoje dalili; na kadhalika mkimwona anatapika mfululizo, anapepesuka au amekataa chakula. Mpelekeni upesi kwa daktari wa mifugo, na mchukue mabaki ya alichokila. Nanyi wazazi, ichambueni njugu kabla haijafika sahanini, kwani mkono wa mtoto humfikia paka, lakini kwanza huenda kinywani mwake mwenyewe.