Yatima ana jamaa, mbona twamjengea bweni?

Idd iliyopita niliandamana na jamaa wa msikiti wetu kupeleka sadaka katika nyumba moja ya mayatima. Tulipokuwa tukishusha magunia ya mchele, nilimwuliza mtoto mmoja, wa miaka kama tisa hivi, habari za wazazi wake. Akanijibu, "Baba amefariki. Mama yuko Kisauni, huja kunitazama mwisho wa mwezi."

Nilirudi nyumbani na swali moja: magunia yale hayangefika Kisauni kwa mama yake?

Swali hilo si langu peke yangu. Mwaka 2017 Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mwaka 2022 ikatoa mpango wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwatoa watoto makaoni na kuwarejesha kwa jamaa zao. Watoto hao wakadiriwa kuwa zaidi ya 40,000 nchini, na wengi wao wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Kilichowapeleka huko ni ufukara.

Ndugu msomaji, makao ya namna hii ni mgeni katika mwambao wetu. Yatima wa mtaa alikuwa wa ami yake, wa mjomba wake au wa bibi yake. Bweni la watoto lilikuja na msiba wa utumwa. Mwaka 1875 wamishonari wa CMS walianzisha Freretown, pale tupaitapo Kengeleni, wakawaweka watu waliokombolewa majahazini, watoto wakiwemo. Watoto wale walikuwa wametengwa na watu wao kwa nguvu. Hawakuwa na ami wa kuwapokea. Kisha serikali ya kikoloni ikaleta shule za kurekebisha tabia, kama ile ya Kabete, na baadaye borstal, mtindo uliopata jina lake kwa kijiji cha Kent ulikoanzia mwaka 1902. Waingereza wenyewe waliufuta mwaka 1982. Sisi tulibaki nao pale Shimo la Tewa.

Na bweni, hata likiwa safi na chakula tele, lina upungufu wake. Alipoanguka Ceaușescu wa Romania mwaka 1989, walionekana watoto zaidi ya 100,000 makaoni. Kuanzia mwaka 2000 wataalamu waliwafuatilia watoto 136 wa makao ya Bucharest, nusu yao wakapelekwa kwa walezi majumbani. Waliopata mlezi, na hasa waliompata kabla ya kutimiza miaka miwili, waliwashinda wenzao kwa akili na kwa kuambatana na watu. Wahenga walikwisha sema: mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Wengine watauliza, je, tuwaasili? Sheria ya kuasili humpa mtoto jina na mirathi ya mlezi, na kumkata na nasaba yake. Hapo Muislamu husita, kwani Suratul Ahzab inaamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Yetu ni kafala: mlezi humlisha mtoto, humsomesha na kumlinda, na nasaba hubaki. Akitaka kumwachia mali, mlango wa wasia u wazi, maadamu hauzidi theluthi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto, wa mwaka 1989, uliitaja kafala, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nayo imeitambua kwa jina lake.

Najua neno hili wengi wamelisikia kwa ubaya, katika habari za mabinti zetu waendao Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Jina ni moja, lakini ile ni dhamana ya mwajiri, na hii ni dhamana ya mlezi.

Wala tusijidanganye kwamba kila nyumba ya jamaa ni pepo. Nani kati yetu hakuona mtoto wa ndugu akitekwa maji na kuosha vyombo huku watoto wa mwenye nyumba wakienda shule? Kwa hiyo kafala isiwe ya maneno ya barazani tu. Iandikwe, kadhi na maofisa wa watoto waijue, na mtoto apate mtu wa kumtazama. Na wapo wasio na jamaa yeyote. Hao wasitolewe makaoni kabla hawajapatiwa mlezi.

Lakini yule wa Kisauni anaye mama. Kamati za misikiti zianze kuandika majina ya wajane kabla ya kuchanga saruji za bweni jipya. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa yatima; alilelewa na babu yake, kisha na ami yake Abu Talib, mtu mwenye watoto wengi na mali kidogo. Sisi tuna udhuru gani?