Nyumba za Kiganjani Nazo Ni Biashara

Ukimwambia mzee wa Mombasa au wa Malindi kwamba mtu mzima, mwenye watoto na kodi ya nyumba, ataka kufungua duka la vitanda vya urefu wa kidole na vyungu visivyojaa hata kijiko, jawabu utakalopata ni kicheko. Na ukimwongezea kwamba duka lenyewe litakuwa Meru au Embu, mbali na bahari na mbali na mahoteli ya watalii, kicheko kitazidi, na huenda akamwombea dua mtu huyo apate nafuu. Mimi nasema wanaocheka hawajapima. Vijana wenye wazo hilo wastahili kusikilizwa, na sisi watu wa pwani tuna faida yetu ndani yake.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Watoto wetu wa kike hupika vijungu uani, na wenzao wa bara hucheza kalongolongo, huyu baba na yule mama, na gunzi la mahindi likawa ndilo mtoto wa kubembelezwa. Huo ni mchezo, nao ni mzuri. Lakini ziko nchi ambazo nyumba ndogo ya namna hiyo imekuwa sanaa ya watu wazima kwa karne nyingi. Mjini Amsterdam, katika makumbusho ya Rijksmuseum, ipo nyumba ya mwanamke tajiri aitwaye Petronella Oortman, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1686, na inasemekana gharama yake ingeweza kununua nyumba ya kweli mjini humo. Uingereza nako, kati ya 1921 na 1924, mjenzi mashuhuri Edwin Lutyens alimtengenezea Malkia Mary jumba dogo lenye taa za umeme na mifereji itoayo maji. Hadi leo watu hulipa kiingilio kulitazama katika ngome ya Windsor.

Wala tusidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Mwaka 1920 wachimbuzi walifukua huko Misri, katika kaburi la mkuu mmoja aitwaye Meketre, vijumba na vyombo vya mbao vyenye umri wa miaka ipatayo 4,000: kiwanda cha useremala, zizi, ghala, mashua. Waliovizika walikuwa na itikadi zao, nasi tuna yetu. Lakini mtu akitaka kujua leo seremala wa Misri ya kale alikaaje kazini, hapo ndipo atazamapo.

FUTI HUWA INCHI

Wakusanyaji wa vitu hivi wana sheria yao moja ambayo hawaivunji, nayo ni kipimo. Kipimo kipendwacho zaidi ni cha sehemu moja kwa kumi na mbili, yaani kila futi moja ya kitu cha kweli huwa inchi moja katika kitu kidogo. Sasa mtazame fundi wa kando ya barabara ya Embu au Meru. Yeye bado auza kitanda chake kwa futi: nne kwa sita, tano kwa sita. Kitanda cha nne kwa sita kikipunguzwa kwa kipimo hicho huwa inchi nne kwa sita, bila ya kupiga hesabu yoyote. Fundi huyo hahitaji kwenda chuoni kufundishwa kipimo cha wakusanyaji, kwani amekishika mkononi tangu siku aliyoanza kazi.

Mbao nazo zipo. Kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, kutoka Embu kupitia Runyenjes na Chuka mpaka Meru, humea mti uitwao muuru, ambao wengi waujua kwa jina la mwaloni wa Meru. Ni mbao nzuri ya fanicha, na kwa sababu ya uzuri huo umekatwa mno hata ukawa miongoni mwa miti ya kuhofiwa. Nani basi ataweza kuutumia bila ya kuumaliza? Hebu tupige hesabu. Kumi na mbili mara kumi na mbili, mara kumi na mbili tena, ni 1,728. Mbao ya kiti kimoja cha kukaliwa, tukiacha inayopotea kwa msumeno, yatosha viti 1,728 vya kiganjani. Vipande vinavyotupwa motoni katika karakana moja kwa wiki vyaweza kulisha duka kwa muda mrefu.

Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea. Mbao hupungua, kazi haipungui. Kiti kidogo kina miguu minne kama kikubwa, na tundu zake huchongwa kwa ncha ya kisu, na macho huchoka upesi. Mteja akishika kitu cha vidole viwili huona bei yake iwe ya peremende. Mwenye duka asiyejua kumweleza mteja kwamba analipia siku mbili za jicho na mkono, huyo atafunga mlango kabla ya mwaka kwisha, au atamnyonya fundi, na yote mawili ni hasara.

JE, KUNA HARAMU?

Najua lipo swali ambalo msomaji wetu wa Kiislamu hatakosa kuuliza: je, hizo si sanamu? Ni swali la haki. Katika mapokezi ya Bukhari twasoma kwamba Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akicheza na wanasesere pamoja na wenzake, na Mtume (S.A.W.) hakumkataza. Abu Daud naye amepokea habari ya farasi wake mwenye mbawa za matambara, na kwamba Mtume alicheka alipojibiwa habari za farasi huyo. Kwa hiyo maulamaa wengi wameruhusu vya watoto kuchezea. Mapambo ya sanamu kwa watu wazima ndiyo yenye mjadala mkali, na hayo nawaachia wenye elimu.

Lakini tutazame vizuri bidhaa yenyewe. Kitanda hakina roho. Mkeka, kibuyu, mbuzi ya kukunia nazi, mlango wa nakshi na mzinga wa nyuki, vyote havina roho. Duka laweza kujaa kutoka sakafuni hadi darini bila ya kuwamo sura ya kiumbe hata kimoja, na mnunuzi akapendezwa vilevile, kwa sababu akitakacho ni nyumba. Mwislamu wa Majengo ya Meru au ya Embu aweza kufanya biashara hiyo na kulala usingizi.

Penye hatari ya kweli ni katika udanganyifu. Nani asiyejua habari za mti mweupe unaopakwa rangi ya viatu ukaitwa mpingo? Nani asiyejua kitu cha juzi kinachofukizwa moshi kikaitwa cha babu? Mkusanyaji ni mtu wa kuchungua. Hupima, hunusa, hugeuza chini juu akitafuta jina la fundi na mwaka. Akidanganywa mara moja, harudi, na huwaambia wenzake. Hapo dini na biashara zasema neno moja.

WANUNUZI WATOKA WAPI?

Mwenye kucheka atasema: haya, na nani atanunua? Watalii waendao mbuga ya Meru, na wapandao mlima kwa njia ya Chogoria, hupita njia hiyo, ingawa si wengi kama wa Diani. Mkusanyaji wa ng'ambo naye hatazami duka liko wapi. Chombo cha kiganjani chafungika ndani ya kisanduku cha viatu na kupelekwa kwa posta, na kabati la nguo haliwezi hivyo. Cha kuangalia ni mbao iwe imekauka sawasawa, kwani hewa ya Meru ina unyevu na nyumba za Ulaya hupashwa moto, na mbao mbichi itapasuka ikifika huko.

Ila mnunuzi wa karibu zaidi yuko shuleni. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, watoto walianza kutumwa nyumbani kutengeneza vitu kwa mikono yao. Wazazi walilalamika sana, na mwaka 2021 kesi ilifikishwa Mahakama Kuu kuupinga. Kila mji una mzazi aliyekimbilia madukani usiku kutafuta kitu cha kupeleka asubuhi. Mwenye duka atajaribiwa kumwuzia nyumba iliyokwisha kamilika. Nami namsihi asifanye hivyo. Auze vijiti vilivyokatwa, makuti, udongo, kamba za mgomba na kipimo kilichochorwa kwenye karatasi, na Jumamosi amweke fundi mlangoni awaonyeshe watoto. Kazi ya mtoto ikinunuliwa, duka limepata shilingi na mtoto amepata alama asiyoifanyia kazi. Samaki mkunje angali mbichi.

NYUMBA YA NANI?

Sasa lililo kubwa. Akifungua duka hilo, atauza nyumba ya nani? Akiuza vijumba vya Kizungu vyenye bomba la moshi, atashindana na plastiki ya viwanda vya China na atashindwa. Lakini ni kiwanda gani kinachojua nyumba ya duara ya Mmeru au Mwembu, na mafiga yake matatu, na vibuyu, na kigoda, na ghala la fito lenye paa la nyasi, na mzinga juu ya mti? Nyumba hizo karibu zimetoweka. Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika ofisi ya zamani ya mkuu wa wilaya, yana boma la kienyeji lililojengwa ili watu waone. Mwenye duka aweza kwenda hapo na rula yake. Na wazee waliozaliwa ndani ya nyumba hizo bado wapo wachache, nao wajua kitanda cha mama kilikaa upande gani. Kila msimu wa mvua wanapungua.

Na hapa ndipo penye faida yetu. Wapwani tulikuwa na mtepe, jahazi la mbao zilizoshonwa kwa kamba. Mtepe ulitoweka baharini katika karne ya 20. Wataalamu walipotaka kuujua ulivyoundwa, walitegemea sana picha za zamani na vielelezo vidogo vilivyochongwa na watu waliouona. Chombo kizima kiliokoka kwa sababu ya vidude ambavyo pengine navyo vilichekwa.

Je, nyumba zetu za Lamu, zenye zidaka ukutani na daka la kupokelea wageni, zitasubiri mpaka zifikie hali ya mtepe? Lamu imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, lakini orodha haimfundishi mtoto wa Kisauni zidaka lilikaa wapi. Mafundi wetu wa milango ya nakshi wajue kwamba duka la Meru au la Embu litahitaji bidhaa ya pwani pia, na mabasi kati ya huko na kwetu hayakosekani. Akina Mkamba wametutangulia. Chama chao cha ushirika cha uchongaji kimekuwako Changamwe, mlangoni petu, tangu 1963, na vinyago vyao vimevuka bahari zote, nasi tukipita tu na mabasi.

Basi anayetaka kufungua duka hilo na afungue. Achague kipimo kimoja asikiache, amlipe fundi arbuni kabla ya kazi, kabati lake liwe la vioo kwa sababu ya vumbi na vidole, na aandike chini ya kila chombo jina la aliyekitengeneza na mwaka. Na wewe msomaji, ukiwa na bibi aliyelelewa katika nyumba ya mawe au ya makuti, kaa naye wiki hii na karatasi na penseli, akuchoree vyumba vilivyopangwa. Fundi atakuja kuihitaji ramani hiyo, na bibi hatakuwapo kuulizwa.