Vitabu vya Babu, Macho ya Mjukuu: Elimu na Utambulisho wa Vijana wa Kiyahudi

Mnamo mwaka wa 1980, mwanafunzi mmoja wa uzamili aitwaye Aaron Lansky alikabiliwa na tatizo ambalo si geni kwa wasomi wa fasihi: vitabu vya kusomea havikupatikana. Uwanja wake ulikuwa fasihi ya Kiyidishi, lugha iliyozungumzwa na Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki kwa karne nyingi na inayoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kumbe vitabu vilikuwepo tele, ila vilikuwa njiani kuelekea jaani. Wazee waliohamia Amerika walikuwa wakifariki, na wana na wajukuu wao, licha ya shahada zao, hawakuweza kuvisoma. Wataalamu walikuwa wamekadiria kuwa vilivyosalia ni 70,000 hivi. Lansky na vijana wenzake wakaanza kubisha hodi nyumba hadi nyumba, na hatimaye mkusanyo wao ukapita milioni moja.

Kisa hiki chafaa kutangulizwa katika mjadala wowote kuhusu elimu ya vijana wa Kiyahudi, kwani aghalabu mjadala wenyewe huanzia pasipofaa. Huanzia kwenye ndoa. Uchunguzi wa mwaka wa 1990 ulipodai kuwa asilimia 52 ya Wayahudi wa Marekani waliofunga ndoa miaka ya karibuni walikuwa wameoana na wasio Wayahudi, viongozi wao walishikwa na kiwewe. Takwimu hiyo ilipingwa, na baadaye ikashushwa, hofu haikushuka. Zao mojawapo la hofu hiyo ni mpango wa Birthright Israel, ulioanza mwishoni mwa mwaka wa 1999 kwa juhudi za matajiri Charles Bronfman na Michael Steinhardt. Kijana hupelekwa Israeli kwa siku kumi bila malipo. Zaidi ya vijana 800,000 wamekwisha kwenda.

Haifai kuibeza safari hiyo. Kijana aliyetembezwa Yerusalemu pamoja na wenzake hurudi na kumbukumbu, na pengine na mchumba, jambo ambalo wafadhili hawalichukii hata kidogo. Hata hivyo, siku kumi hazimfundishi mtu kusoma. Utafiti wa shirika la Pew wa mwaka wa 2013 ulionyesha kuwa takriban nusu ya Wayahudi wazima wa Marekani wanazijua herufi za Kiebrania, lakini ni asilimia 13 tu wanaoelewa maneno yote au mengi ya wanachokisoma. Si ajabu basi kwamba mvulana wa miaka 13 hukaririshwa kwa miezi kadhaa fungu lake la Taurati, akalisoma sinagogini kwa mahadhi yaliyopangika, kisha karamu ikaliwa na kitabu kikafungwa. Haya yanatendeka katika jamii ambayo Talmudi yake humsifu kuhani mkuu Yoshua ben Gamla, wa karne ya kwanza, kwa kuagiza kila mji uwe na walimu wa watoto wa miaka sita au saba!

Yamkini atatokea wa kusema kuwa lugha pekee haitoshi, naye atakuwa na hoja. Wahasidi wa Brooklyn huwalea watoto wao kwa Kiyidishi hadi leo, ilhali katika shule zao ni nadra kuzikuta riwaya za Isaac Bashevis Singer, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 1978 kwa kazi alizoziandika kwa lugha iyo hiyo. Lakini mlango wa mtoto huyo haujafungwa: siku atakayokifungua kitabu cha Singer, atakielewa.

Mfano wa karibu zaidi uko Uganda, katika viunga vya Mbale. Waabayudaya hawana nasaba ya Kiyahudi. Jamii yao ilianza mwaka wa 1919, pale Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari, alipoisoma Biblia na kuamua kuifuata dini ya Kiyahudi. Idi Amin aliipiga marufuku dini hiyo katika miaka ya 1970, na waumini wengi wakaiacha. Waliofufua jamii miaka ya 1980 ni vijana, waliokusanyika katika kilima cha Nabugoye. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alihitimu urabi huko Los Angeles mwaka wa 2008 akarejea kufundisha. Kijana wa Nabugoye huimba zaburi kwa Kiluganda na kujifunza Taurati kwa Kiebrania, na bado wapo wanaoutilia shaka Uyahudi wake. Mwenziwe wa New Jersey, asiyeweza kulisoma jina la babu yake lililochongwa kaburini, hashukiwi na yeyote.

Madhali wafadhili wa safari wanao uwezo, wangeweza kuweka sharti moja jepesi: kabla ya kupanda ndege, kijana asome lugha kwa muhula mmoja, iwe Kiebrania au Kiyidishi, kwa hiari yake. Vitabu vya kusomea havitakosekana. Lansky na wenzake walikwisha kuviokota.