Andikeni Maelezo ya Programu Zenu, Mashine Haitawapigia Simu

Wacha niseme wazi kabla mnijie kwenye komenti: kampuni nyingi za Kenya zinazouza programu hazijui kuandika maelezo. Zamani tulipoteza muda tu. Sasa tutapoteza pesa.

Nikisema maelezo namaanisha ule ukurasa unaomwambia mtengenezaji wa programu atume nini, kwa muundo gani, atarudishiwa nini, na mambo yakienda mrama afanye nini. Na nikisema wakala simaanishi yule wa M-Pesa hapa Silibwet. Namaanisha wakala wa AI: unampa kazi kwa maneno ya kawaida, anasoma maelezo ya programu mwenyewe, anaandika msimbo, anatuma, anasoma jibu, anaendelea. Wewe uko zako unakunywa chai.

Shida ni kwamba akikosa maelezo haachi kazi. Anakisia. Mtu akikwama atauliza kwa grupu ya WhatsApp ama apigie beshte yake Nairobi. Mashine haina beshte.

Chukua Daraja, API ya M-Pesa ambayo Safaricom ilifungulia madevelopa mwaka 2017. Ukituma ombi ili mteja aletewe dirisha la kuweka PIN kwenye simu yake, unarudishiwa jibu lenye 0. Hiyo 0 inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja hajalipa hata shilingi. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye, kwenye anwani uliyotoa, na huko ndiko 0 inamaanisha amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi, 1037 simu yake haikupatikana. Sufuri mbili, maana mbili! Mwenye duka atashuku mwenyewe, maana amezoea kungoja meseji iingie. Mashine isiyoelezwa tofauti itaachilia mzigo kwa ile sufuri ya kwanza, tena kwa roho safi. Namba za Daraja zinajulikana na ndiyo maana naweza kuwaandikia hapa. Sentensi moja tu, "usiachilie bidhaa mpaka matokeo ya malipo yafike", ina faida kuliko kurasa kumi za kujisifu.

Sasa njoo kwa kampuni nyingine ya malipo, jina nahifadhi. Maelezo yake ni PDF ya skrinishoti. Yaani picha ya msimbo, si msimbo. Orodha ya makosa hakuna, kuna "wasiliana na ofisi yetu". Jamaa yangu anashughulikia malipo ya kikundi cha wakulima wa maziwa, akampa wakala wa AI kazi ya kutuma pesa kupitia hao watu. Jibu likarudi: ombi halikukamilika. Je, pesa imetoka ama haijatoka? Hakuna mahali pameandikwa. Mashine ikajaribu tena. Wakulima watatu wakalipwa mara mbili. Mmoja alirudisha. Wale wawili, simu zao mpaka leo ni mteja.

Nyinyi mtasema AI ndiyo mbaya. Sawa, ilikisia, na haikufaa kukisia na pesa za watu. Lakini mstari uliokosekana ni huu: "Ukikosa jibu kamili, usirudie, uliza kwanza hali ya muamala kwa namba ya ombi." Mstari mmoja, bana. Nani alishindwa kuuandika?

Na msiniambie habari ya llms.txt. Ni ile faili ya maandishi ambayo Jeremy Howard alipendekeza Septemba 2024, tovuti iieleze mashine mambo yake kwa ufupi. Wazo zuri. Miezi miwili baadaye Anthropic wakatoa MCP, njia ya kuunganisha mashine na programu nyingine. Pia sawa. Lakini ugali mbichi ukihamishiwa sahani mpya bado ni mbichi. Kama hamkuwahi kueleza kosa moja vizuri, hiyo faili itasema nini?

Kuna mtu ataniuliza, wewe mtoto wa majani chai unatetea mashine? Mei 2023 watu walichoma mashine za kuchuma chai huku Kericho, na hasira yao naielewa, kazi zao zilikuwa zinaenda. Lakini angalia tofauti. Maelezo yaliyo wazi ndiyo sehemu pekee ya haya mambo ambayo mtu wa kawaida anaweza kufungua akaona mashine imeambiwa ifanye nini na pesa yake. Yakifichwa, anajua mwenye kampuni peke yake. Mkulima anayesoma risiti yake ya kilo kila siku anajua kwa nini namba isiyoelezeka ni ya kuogopwa.

Mimi sikumaliza chuo. Nilijifunza usiku, kwa bando, nikisoma maelezo ya Python na ya Django, ambayo yaliandikwa na watu waliojua kwamba msomaji yuko mbali na hana wa kuuliza. Huyo msomaji ni mimi. Leo ni wakala wa AI pia. Kinachomsaidia yeye kinanisaidia mimi, na anayekataa kuandika ametufungia sote wawili. Halafu mnashangaa mbona nikimwomba wakala anitengenezee duka la mtandaoni anakimbilia Stripe badala ya kampuni ya hapa! Stripe anaisoma. Nyinyi anawakisia.

Kwa hivyo toeni hizo PDF. Wekeni maandishi ya kawaida, yanayofunguka bila kujisajili. Kila kosa na maana yake, na kando yake: pesa imetoka, haijatoka, ama haijulikani. Mfano mmoja kamili wa ombi, mwingine wa jibu. Tarehe ya mwisho kurekebishwa. Semeni pia kama namba ya simu inaanza na 07 ama 254, maana hata hiyo mnatuachia tukisie.

Mkiweka, nitumieni kiungo. Nitasoma mimi kwanza, halafu nimpe wakala, na tutaona nani atakwama wapi.