Sanaa ya Kusini Ionyeshwe Kusini

Mwaka 1962 taifa letu changa liliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa kutambua kwamba uhuru wa bendera haukamiliki pasipo uhuru wa fikra. Mengi yamefanyika tangu hapo. Lakini liko swali ambalo bado hatujalijibu kwa vitendo: sanaa ya watu ionyeshwe wapi, na mwenye kauli juu yake ni nani? Sisi tunashikilia kwamba sanaa haina budi kuonyeshwa kwanza mbele ya watu walioizaa. Haja hiyo inadhihirika wazi katika Kilwa na pwani nzima ya Lindi.

Tuitazame historia. Mwaka 1906, moto wa Vita vya Maji Maji ukiwa haujazimika, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alishuka Lindi, akapanda hadi Newala, akakusanya vinyago na vyombo vya Wamakonde, Wayao na Wamakua. Hata nyimbo alizinasa kwa fonografu akaenda nazo. Kisha ikafika zamu ya ardhi yenyewe. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ilichimbwa Tendaguru, wapagazi wakaichukua hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Huko mnyama mmoja amesimamishwa, kimo chake kikizidi mita 13. Mtoto wa Berlin humtazama kwa macho yake. Mtoto aliyezaliwa jirani na kilima cha Tendaguru husimuliwa tu.

Wako watakaosema kwamba vitu hivyo vimesalimika kwa sababu vilichukuliwa, na kwamba vingebaki vingeliwa na mchwa. Hoja hii ni kasumba tupu. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yaliibiwa, na miongoni mwa vilivyoibwa kilikuwamo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 ikabainika kwamba ni mali iliyoibwa. Hata hivyo hakikurudi nyumbani mpaka mwaka 2010. Basi tuulize: huo usalama wa Ulaya ni usalama wa nani? Mchwa wa Kusini hajapata kukiweka kinyago Uswisi kwa miaka ishirini na mitano.

Wengine husema kwamba mwanakijiji hajali mambo ya kale. Na waende Kilwa Kisiwani. Magofu ya Kilwa na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwani mawimbi yalikuwa yakizila kuta. Mwaka 2014 yaliondolewa katika orodha hiyo, baada ya kazi ya ukarabati iliyowashirikisha wenyeji wenyewe. Mtu asiyejali hahangaiki kuokoa ukuta uliojengwa kabla ya babu wa babu yake.

Tena Kilwa si magofu tu. Masultani wake walipiga sarafu za shaba zenye majina yao, na maandishi ya upande mmoja yakifuatana kwa vina na ya upande wa pili. Mji ulioweka ushairi katika fedha ya sokoni haukuhitaji kufundishwa na mtu maana ya sanaa! Sarafu hizo zilisafiri; moja ilipatikana Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 tano ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia.

Lakini hoja yetu kubwa zaidi ni ya maana. Kinyago cha mapiko hakikuchongwa kikae kimya ndani ya kabati la kioo. Kina ngoma yake, kina msimu wake, kina uhusiano na jando. Mambo yake mengine ni ya siri, na wenye mila ndio wanaojua lipi la kuonyeshwa hadharani na lipi la kusitiriwa. Aliye mbali hawezi kuliamua hilo hata akiwa msomi wa namna gani. Vivyo hivyo mkeka: mgeni huona rangi, bali mama aliyesuka ukili huona mkono wa aliyemfundisha.

Wala hili si jambo ambalo halijajaribiwa. Huko Meksiko, katika jimbo la Oaxaca, wananchi wa kijiji cha Wazapoteki kiitwacho Santa Ana del Valle waligundua vitu vya kale chini ya uwanja wao mwaka 1985. Hawakukubali vipelekwe mjini. Mwaka 1986 walifungua makumbusho yao, Shan-Dany, yakiendeshwa na kijiji chenyewe. Hata Marekani, katika mtaa wa Pilsen mjini Chicago, Carlos Tortolero na walimu wenzake wenye asili ya Meksiko walianzisha mwaka 1982 makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1987, na mtu haingii kwa kiingilio. Hawakungoja makumbusho makubwa ya mjini yawape nafasi ukutani. Ikiwa wafumaji wa Oaxaca wameweza, wachongaji na wasusi wa Lindi wana upungufu gani?

Hatudai majumba ya marumaru, wala hatutaki maduka ya vinyago yaliyobandikwa jina la makumbusho ili kumfurahisha mtalii. Tunataka nyumba za maonyesho Kilwa na Lindi, zenye kamati za wazee, makungwi, mafundi na walimu, na kauli yao iwe kauli. Tunataka vitu vya Kusini vilivyohifadhiwa Dar es Salaam viletwe kwa zamu, na nakala za nyimbo zilizonaswa mwaka 1906 zisikilizwe Newala na Lindi. Tunataka kila shule ya pwani hiyo ipeleke wanafunzi wake huko kama inavyowapeleka shambani. Na madai yetu ya kurudishiwa mali zilizoko ng'ambo yatapata nguvu siku tutakapoweza kuonyesha mahali zitakapopokewa. Anayedai mgeni wake arudi, kwanza hutandika kitanda.