MAONI: Si kila kitambaa unachodarizi ni cha kuuza

Ukitaka kujua vijana wa Kenya tumechoka kiasi gani, shika sindano na uzi mbele ya watu. Darizi ua moja tu kwenye foronya, lipige picha, uliweke kwenye Status ya WhatsApp. Haitapita nusu saa kabla hujaletewa jumbe: "Unauza ngapi?" "Fungua akaunti TikTok." Na ile ya mjomba ambayo haikosi: "Hiyo ni pesa umekalia." Ni nadra sana mtu akuulize kama ulifurahia kulishona.

Hoja yangu leo ni fupi. Acha ua hilo likae kwenye foronya yako. Lilalie. Usiliuze.

Najua unachofikiria. Kazi hakuna, kodi inangoja tarehe tano, unga haushuki bei, halafu huyu anatuambia tukae tushone maua ya bure? Subiri kidogo, tupige hesabu pamoja.

Tuseme umekubali ushauri wa mjomba. Umepata mteja anayetaka vitambaa vya makochi ya watu saba, vile vya kuwekwa mgongoni na mikononi mwa kiti. Tuseme kitambaa na nyuzi vimekula Sh900. Unashona kila jioni baada ya vyombo kuoshwa, na ukijumlisha jioni zote unapata saa 60. Mteja anakulipa Sh3,000, tena baada ya kulia sana kwamba umempiga bei. Toa Sh900, unabaki na Sh2,100. Gawanya kwa 60. Umepata Sh35 kwa saa, na bado hujalipa nauli ya kumpelekea mzigo wake.

Hizo ni hesabu za mfano, weka zako uone. Lakini tatizo utaliona vilevile: mkono ni wa polepole, na soko halilipii upole. Zile mashine za kompyuta zinazodarizi nembo za shule kwenye sweta humaliza kwa dakika chache kazi ambayo wewe ungeifanya jioni nzima. Huwezi kushindana nazo kwa bei. Ukijaribu, utaanza kushona haraka, utapunguza rangi, utaruka majani, na mwishowe utachukia kitu ambacho kilikuwa kinakutuliza. Utakuwa umepoteza starehe na bado hujapata mshahara.

Wapo wanaoishi kwa sindano, na ninawavulia kofia. Na nikisema kofia, fikiria ya Lamu. Kofia ya vito hudariziwa kwa mkono, tundu kwa tundu, kila kijitundu kikizungushiwa uzi mpaka ua litokee. Kofia moja nzuri huchukua miezi. Ndiyo maana bei yake humshtua mtu aliyezoea kofia za mashine. Lakini aliyeishona alijifunza kwa miaka, anajua thamani ya kazi yake, na ana wanunuzi wanaojua tofauti. Hiyo ni kazi, na inastahili kulipwa kama kazi. Kinachonikera ni ile dhana kwamba kila anayeshika sindano ni mfanyabiashara ambaye hajaamka.

Ukitaka kuelewa tulifikaje hapa, angalia sebule ya nyanya yako. Vile vitambaa vyeupe vyenye maua pembeni, ambavyo sisi tumevifanya kichekesho mtandaoni, vina historia nzito kuliko tunavyodhani. Shule za wamishonari ziliwafundisha wasichana kushona na kudarizi kama sehemu ya kuwaandaa kuwa wake wa nyumbani. Mnamo 1952 kikaundwa chama cha Maendeleo ya Wanawake chini ya serikali ya kikoloni, na vikundi vyake vikafundisha wanawake usafi, mapishi na ushonaji. Mwaka huohuo Hali ya Hatari ilitangazwa, na wakoloni walitumaini vikundi hivyo vingewavuta wanawake mbali na Mau Mau. Sindano ilikuja na siasa zake.

Lakini akina mama hawakubaki pale walipowekwa. Walichukua ujuzi ule wakaufanya wao. Walikopeshana michoro, wakanakili maua kutoka kwa jirani, wakadarizi maneno ya kukaribisha wageni na aya za Biblia za kutundika ukutani. Bibi harusi alipewa vitambaa vilivyoshonwa na shangazi zake. Mgeni akiingia, kitu cha kwanza kilichoonekana ni kazi ya mikono ya mwenye nyumba. Ilikuwa saini yake, hata pale ambapo hati ya shamba ilikuwa na jina la mwanamume.

Kuna jambo jingine, na hapa nisikilize vizuri. Mimi naona vile vitambaa vilikuwa pia njia ya kupumzika bila kugombezwa. Katika nyumba nyingi, mama akikaa bure alasiri moja ataitwa mvivu. Lakini akikaa na kitambaa mapajani, "anafanya kazi." Mikono ilikuwa inatembea, kwa hivyo hakuna aliyemwita akachote maji. Alilazimika kuvalisha mapumziko yake nguo ya kazi ndipo aruhusiwe kuyapata.

Sasa jiulize: sisi tumebadilika? Nyanya alihitaji kuonekana ana shughuli ndipo akae. Wewe unahitaji kuonekana unatengeneza pesa ndipo ukae. Ukisema "nashona tu," wanakushangaa. Ukisema "naanzisha brandi," wanapiga makofi. Ni deni lilelile, limebadilishwa jina tu likaitwa hasla.

Na deni hili halilipwi sawa na wote. Kaka akicheza gemu ya FIFA saa tatu mfululizo, hakuna anayemwuliza ataiuza bei gani. Ni burudani yake, "amechoka." Dada akidarizi nusu saa, kuna mtu jikoni anaita jina lake. Kama wewe ndiye kaka huyo, msaada wako hauhitaji hotuba. Osha vyombo. Tazama maharagwe yasiungue. Mwache amalize jani.

Au chukua sindano yako mwenyewe. Ndiyo, wewe kijana wa kiume. Najua utachekwa, lakini tazama jinsi kicheko hicho kisivyo na maana. Fundi wa nguo mtaani mwenu, yule mwenye cherehani kwenye kibanda, mara nyingi ni mwanamume na hakuna anayemcheka. Kule Lamu wanaume wamedarizi kofia bila aibu yoyote. Kwa hivyo sindano yenyewe haijawahi kuwa ya kike. Tunachoona ni kwamba kushona kukilipwa kunaitwa ufundi, na kusipolipwa kunaitwa mambo ya wanawake. Hilo ndilo la kuchekwa.

Sisemi kudarizi kutakutatulia maisha. Hakulipi HELB. Lakini kuna sababu moja kubwa kwa nini kunafaa sana nyumba zetu kuliko starehe nyingine: kunakubali kukatizwa. Chomeka sindano kwenye kitambaa, nenda ukageuze ugali, rudi. Mtoto amelia, mbembeleze, rudi. Stima imepotea? Weka kando, kesho utaanzia palepale. Hakuna kitu kitakachokauka wala kuharibika. Hakuli bando. Hakukuletei picha za wenzako wakiwa Diani ili ujione umebaki nyuma. Na tofauti na simu, ukimaliza jioni nzima kuna kitu mkononi mwako ambacho asubuhi hakikuwepo.

Tena gharama ni ndogo. Unahitaji kitambaa cha pamba kisicho chepesi sana. Merikani inafaa sana, ile pamba isiyopaushwa ambayo jina lake lilitokana na Marekani, ilikotoka kwa meli karne ya 19. Kama huna, kata shuka kuukuu au leso iliyochakaa. Unahitaji sindano yenye tundu pana, penseli, mkasi, na ile fremu ya duara yenye pete mbili za kubana kitambaa kikaze. Kwa nyuzi, tembelea maduka ya vifaa vya kushonea mjini. Wa Nairobi jaribuni Biashara Street, na kwingine ulizeni mafundi wa nguo, wanajua zote. Uzi wa kudarizi huwa umesokotwa kwa nyuzi ndogo sita. Usiutumie wote kwa pamoja. Chomoa mbili, urefu wa kutoka vidoleni hadi kiwiko, usije ukajifunga mafundo.

Anza na mishono mitatu tu. Wa kurudi nyuma, unaotoa mstari ulionyooka kwa herufi na vikonyo. Wa mnyororo, ambapo kila kitanzi kinashika kilichotangulia. Na wa msalaba, ule wa X ndogondogo, unaofaa kwa mapambo ya pembeni. Ukivijua hivyo, unaweza kuandika jina, kuchora jani, na kuziba tundu kwenye jinzi ya mtumba kwa ua badala ya kiraka. Halafu ukimaliza, geuza kitambaa utazame nyuma. Patakuwa na fujo ya mafundo. Usijali. Hakuna mtu anayekaribishwa kwenye kochi akakaguliwe upande wa nyuma.

Na usimshindanie mtu. Kwenye mtandao kuna kazi za ajabu, maua yanayotaka kunusika, na ukizitazama sana utaiona yako haifai. Kumbuka tulikoanzia. Ukiondoa bei, umeondoa pia sababu ya kulinganisha. Jani lako likiwa limepinda, limepinda nyumbani kwako. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa hata kibaba kisipojaa hakuna anayekudai.

Sasa turudi kwa swali la kodi, maana sitaki useme nimelikwepa. Ukiwa na njaa kweli, uza. Uza vitambaa, uza kila kinachouzika, na usione haya. Lakini ukiamua kuuza, uza kama mfanyabiashara. Hesabu saa zako, weka bei ya mkono wala si ya mashine, chukua malipo ya kwanza kabla ya kununua uzi, na mteja akikwambia Gikomba kuna bei nafuu, mwelekeze Gikomba kwa heshima. Na hata hapo, baki na kitambaa kimoja kisicho cha mteja. Kifiche kwenye kabati kama ni lazima. Fundi anayejishonea kitu chake mara mojamoja hasahau kwa nini alianza.

Ninachopinga ni kuamuliwa. Ninapinga mjomba, mtandao, na hata wale wahamasishaji wa Jumamosi kutuambia kwamba saa isiyoingiza shilingi ni saa iliyopotea. Tumekulia kwenye nchi ambayo kijana husifiwa kwa kazi nne alizo nazo, na hakuna anayeuliza kwa nini moja haimtoshi. Hali hiyo ikitulazimisha kukimbia mchana, haina haki ya kutufuata mpaka kwenye kochi usiku. Ukikubali kila unachokipenda kigeuzwe bidhaa, siku biashara itakapokwama hutakuwa na pa kurudi. Utakuwa umeuza hata kiti cha kupumzikia.

Kwa hivyo nina ombi kwako. Wikendi hii, ukienda kuwasalimia mathe au nyanya, usicheke vitambaa. Mwombe akuonyeshe alivyoanza, mchoro aliupata wapi, ni nani alimfundisha. Wengi wao macho yameanza kuchoka, na wakinyamaza, michoro ile itanyamaza nao, kwa maana haikuandikwa popote. Kaa karibu naye umtungie uzi kwenye sindano. Ni kazi ndogo kwa macho yako, kubwa kwa yake.

Na siku utakapomwona rafiki yako amekaa kimya, uzi mwekundu mkononi, ua nusu limechipuka kwenye kitambaa, usimwulize anauza ngapi. Mwambie, "Ebu nione." Halafu umrudishie aendelee.