Togwa, Kunazi na Kasumba ya Vidonge

Mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipounda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana, nchi ilijitwika wajibu wa kufufua mambo mengi yaliyodharauliwa na wakoloni. Tangu wakati huo yameandikwa mengi kuhusu ngoma, lugha, hadithi na mavazi. Chakula kimeachwa nje ya mlango. Huhesabiwa kuwa ni shughuli ya jikoni tu, na jiko halihesabiwi kuwa mahali pa fikra. Lakini hakuna sehemu nyingine ya utamaduni ambayo mwananchi huiingiza mwilini mwake kila siku, tangu anapoachishwa ziwa hadi anapokufa. Taifa linalocheza ngoma zake huku likikionea haya chakula chake limejikomboa nusu.

Makala haya yanapinga kasumba moja mahususi, nayo ni ile inayomfanya msomi wetu anunue kwa bei kubwa vidonge vya bakteria na unga wa matunda ya ng'ambo ili alinde tumbo lake, hali akiwacheka wale wanywao togwa na kula kunazi. Kasumba hiyo si ya tamaa tu. Inatokana na kutojua jinsi tumbo linavyofanya kazi. Kwa hiyo hatuna budi kuanza na elimu yenyewe.

Seli nyingi za mwili hutumia oksijeni, na katika kuitumia hutoa mabaki makali yanayoweza kuziumiza seli hizo, kama vile kutu ilavyo chuma. Mwili unazo njia zake za kuyatuliza mabaki hayo. Yakizidi uwezo wake, wataalamu husema kwamba mwili umeingia katika mkazo wa oksidishaji. Utumbo umo hatarini zaidi kuliko viungo vingi, kwa sababu utando wake wa ndani hukutana kila siku na vyakula, pombe, dawa na vijidudu vya kila namna. Utando huo ukidhoofika, uvimbe na maradhi hupata njia.

Matunda madogo yenye rangi kali au ukakasi, kama zambarau na kunazi, yana kemikali ziitwazo polifenoli. Watu wengi hudhani kwamba kemikali hizo huingia moja kwa moja katika damu na kuizima kutu ya mwili. Sivyo. Sehemu kubwa ya polifenoli haisharabiwi katika utumbo mwembamba, bali hufika katika utumbo mpana, ambamo bakteria huzivunjavunja kuwa kemikali ndogo ambazo mwili waweza kuzitumia. Bakteria hao hao huchachusha nyuzinyuzi za chakula na kutengeneza asidi fupi. Mojawapo ya asidi hizo, iitwayo butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za utando wa utumbo mpana. Basi tunda na bakteria ni washirika. Kumeza bakteria bila kuwapa nyuzinyuzi na matunda ni sawa na kuajiri vibarua na kuwanyima posho.

Tukishalijua hilo, biashara ya vichupa huonekana ilivyo. Kwa miaka mingi wauzaji wa unga wa bluberi na matunda mengine walishindana kwa tarakimu zilizopimwa katika chupa za maabara, kila mmoja akidai kuwa tunda lake lina nguvu kubwa zaidi ya kuzuia oksidishaji. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyokuwa imechapisha orodha ya tarakimu hizo, iliiondoa hadharani. Ilieleza kwamba vipimo hivyo havionyeshi yanayotendeka ndani ya mwili wa binadamu, na kwamba makampuni yalikuwa yakivitumia vibaya katika kutangaza bidhaa. Huko Ulaya nako, mamlaka ya usalama wa chakula imeyakataa madai mengi ya wauzaji wa probiotiki, yaani bakteria hai wanaouzwa kwa ajili ya afya, kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Wenye mali wenyewe wameitilia shaka. Sisi tunaipokea kama hirizi. Wahenga walisema kweli: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa na tutazame tulichonacho nyumbani. Togwa hupikwa kama uji wa mahindi, mtama au ulezi. Uji ukishapoa kidogo, mpishi hutia kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Kimea huivunja wanga, na uji mzito hugeuka mwepesi bila kuongezwa maji, hivyo mtoto mwenye tumbo dogo hupata chakula kingi katika kikombe kimoja. Kisha bakteria wa asidi laktiki huanza kazi. Uchachu huongezeka mpaka vijidudu vingi viletavyo kuhara vishindwe kustawi. Mwaka 1994 Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walichapisha utafiti uliofanywa hapa Tanzania, ulioonyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa waliugua kuhara mara chache kuliko wale ambao hawakuulishwa. Na iwapo togwa ni ya ulezi, maganda ya nafaka hiyo yana polifenoli na nyuzinyuzi zake. Bibi aliyekorogea togwa katika chungu aliwaweka pamoja kibarua na posho yake, bila kusubiri ruhusa ya kampuni yoyote.

Matunda nayo hayakosekani. Tunayo makunazi, mabungo, furu, ukwaju na matunda ya mkole. Tunazo zambarau, ambazo asili yake ni Bara Hindi lakini zimekuwa zetu kwa kupandwa na kuliwa. Tunao ubuyu, ambao unga wake mara nyingi hupimwa kuwa na vitamini C nyingi kupita chungwa. Mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula kipya. Kipya kwao! Tangu hapo umetiwa katika pakiti nzuri na kuuzwa kwa bei ambayo mkulima wa Dodoma hawezi kuiota. Hapa kwetu mtoto huupata ukiwa umezamishwa katika sukari na rangi nyekundu, mpaka ladha yake yenyewe imepotea. Penye miti hapana wajenzi.

Wako watakaosema kwamba haya ni mapenzi ya mambo ya kale tu. Na wasome utafiti uliochapishwa mwaka 2025 kutoka kaskazini mwa Tanzania. Wanaume 77 wenye afya walishirikishwa. Baadhi ya waliozoea chakula cha kijijini, chenye ndizi, nafaka, mikunde na mboga, walihamishiwa chakula cha mtindo wa Kizungu kwa majuma mawili. Baadhi ya waliozoea chakula cha mjini walihamishiwa chakula cha kijijini kwa muda huo huo. Kundi jingine lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi uliochachushwa, kwa juma moja. Damu za wale waliohamia chakula cha kigeni zilionyesha dalili za kuongezeka kwa uvimbe, na kinga yao dhidi ya vijidudu ikapungua nguvu. Waliohamia chakula cha kijijini, na walionywa mbege, walionyesha dalili za uvimbe kupungua. Majuma mawili tu yalitosha mwili kuonyesha tofauti. Je, miaka minne ya shule ya bweni, kwa chai ya rangi na mkate mweupe, yafanya nini?

Wachunguzi wengine waliwaendea Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, ambao chakula chao ni matunda ya porini, ubuyu, mizizi, asali na nyama. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba bakteria wa matumbo yao walikuwa wa aina nyingi zaidi kuliko wa wakazi wa mji wa Bologna, Italia, waliolinganishwa nao. Tena watu wazima wa Kihadzabe hawakukutwa na bifidobakteria, wale wale wanaotangazwa katika vichupa vya mtindi kuwa ni walinzi wa tumbo. Hapo ndipo msingi wa biashara unapotikisika. Hakuna bakteria mmoja aliye mkombozi wa kila tumbo. Kila jamii imejenga afya ya tumbo lake kwa mazoea ya chakula chake, na mazoea hayo ndiyo tuyaitayo utamaduni.

Hata hivyo, mtetezi wa kweli hasemi uongo kwa ajili ya anachokitetea. Utafiti wa mwaka 2025 ulikuwa wa watu wachache, wanaume peke yao, na wa muda mfupi. Mbege ni pombe, na pombe ikizidi huliumiza tumbo lile lile. Si kinywaji cha mwanafunzi. Togwa iliyokorogwa kwa mikono michafu au kwa maji machafu huleta maradhi, na uchachu hauwezi kuitakasa nafaka iliyoota ukungu. Mwaka 2016 wananchi walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kwa sababu hiyo twawapinga pia wale wachuuzi wa nyumbani wanaotangaza ubuyu au ukwaju kuwa dawa ya kila ugonjwa. Hao wamebadili kichupa tu. Kasumba ni ile ile. Chakula chetu hakihitaji kuitwa muujiza ili kistahili heshima. Mgonjwa na aende hospitali.

Kazi kubwa iko mikononi mwa shule. Nchi hii imewahi kuonyesha kwamba elimu ya afya na chakula yaweza kuwafikia wananchi wengi: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ziliwakusanya watu vijijini kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, wakatenda. Mwalimu wa sayansi leo hahitaji vyombo vya gharama. Achukue uji, atie kimea, na kila baada ya muda apime kwa madini ya joto: rangi ya bluu iliyokoza itafifia kadiri wanga inavyovunjika. Apime uchachu kwa karatasi ya litimasi jioni na asubuhi. Mwalimu wa Kiswahili naye awatume wanafunzi kwa wazee wakusanye majina ya matunda ya porini, majira yake na namna ya kuyahifadhi, kabla majina hayo hayajazikwa pamoja na wenyewe. Walimu wakuu na wapande mikunazi na mizambarau mahali pa miti ya mapambo isiyozaa, na wenye maduka ya shule waulizwe kwa nini maji ya sukari na rangi yana nafasi ambayo togwa haina.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa vidonge utapita, kama ilivyopita misala mingine kabla yake, na fedha zetu zitakuwa zimekwenda nao. Siku hiyo tutalitafuta tena bao la kukalia. Kama kizazi hiki hakikufundishwa kuotesha ulezi wala kulitambua tunda la mkole, hakutakuwa na wa kulitandika.